Ndoo na Ndoo

Bi Mwanaesha alinipigia kabla sijavua kikoi cha kulalia.
"Ndoo," akasema. "Ndoo na ndoo."
Mtu wa bara angedhani ulimi umemkwama.
Mimi mzawa wa Mkomani nikasikia mawili:
njoo, na ndoo uje nayo.
Nikachukua mbili, spana, uzi wa bomba,
na kilo ya ukwaju ambayo mke wangu alisema haitatosha.
(Haikutosha. Hapa nakiri, nyumbani bado.)

Paani, tangi la maji moto lilikuwa limelala ubavu,
vioo vyake vikilitazama jua, jua likivitazama,
wala hapakuwa na jambo baina yao.
Nikalegeza bomba la chini. Kimya.
Nikaligonga. Likakohoa.
Kisha likatema, maji siwezi kuyaita,
uji mweusi wenye harufu ya sarafu
iliyofumbatwa na mtoto aliyetumwa dukani akapitia kucheza.

"Hili tope ni la miaka mingapi?"
Hakujibu. Alikuwa akitazama sufuria lake,
lile lililoungua tako, juu ya makaa,
na kopo la kuogea kando yake.
"Shekuwe usimwambie."

Shekuwe ndiye aliyelinunua, kwa mshahara wa Oslo,
kwa ajili ya magoti ya mama yake.
Kila Ijumaa hupiga: "Mama, mai ni moto?"
"Ni moto, mwanangu, yaniunguza."
Ijumaa mia na kitu, huku akipepea jiko.
Wala hakusema uongo. Yalikuwa moto.

Ila mwezi uliopita mwana alizungumza marefu.
Kwao, alisema, chini ya kila dirisha pana sanduku la chuma,
maji moto huzunguka nyumba nzima ndani ya mabomba,
na la chumba cha watoto lilikuwa na joto kichwani, baridi miguuni.
Akalifungua. Likamwaga weusi tititi juu ya zulia.
Akatega sumaku, ikanasa kutu siku mbili, sanduku likapona.
Mama alisikiliza hadi mwisho.
"Hapo nikajua langu lina ugonjwa gani," akaniambia,
akafungua pindo la leso, akanipa sumaku:
amekwisha kuichomoa kwenye spika ya redio ya marehemu.

Kazi hii haitaki hasira.
Ukilisukuma tope, hujibana kwenye kiwiko cha bomba
likakaa kama mdai.
Ulijaze tangi, utie ukwaju, ungoje. Umwage. Ulijaze.
Ndoo ya kwanza wino, ya tatu kahawa, ya tano chai,
ya sita ikarudi kahawa, nikatukana kimoyomoyo.
Adhana ya Ijumaa ikanikuta na kucha za fundi gari;
nikaenda, nikarudi, zikiwa vilevile.
Uchochoroni alinikataza kumwaga:
paka watakanyaga watuletee kitandani.
Kila ndoo nikashuka nayo ngazi zile hadi kwenye mpapai wa uani,
na magoti yangu nayo yakaanza kusema.
Katika ya kumi na moja niliona chini ya ndoo,
na mkwaruzo wake, na jina la duka.

Saa kumi nikafungua bomba la bafuni.
Akatia mkono. Akautoa haraka, akautazama
kama mkono wa mtu mwingine.

Simu ikalia.
"Mama, mai ni moto?"
"Yeo ni moto."
Neno lilikwisha kutoka.
"Yeo?" akauliza Shekuwe.

Mimi nilikuwa nimechutama na ile sumaku,
imeota ndevu nyeusi zilizosimama wima,
ukizipangusa hapa zahamia pale.
Nikaendelea kuzipangusa.